Asiyekuwapo na Lake Halipo

Methali isemayo kuwa asiyekuwapo na lake halipo husikika mahali popote panapogawanywa kitu: penye karamu, penye urithi, penye shamba la ukoo. Aghalabu hutumiwa kufunga mazungumzo. Mgawo umekwisha, na yule ambaye hakuonekana hana dai. Lakini methali hii imesimama juu ya jambo moja ambalo haliulizwi mara nyingi: ni nani aliyewahesabu waliokuwapo, na aliwahesabu kwa njia gani? Ikiwa mhesabu alikosea, basi yumkini yupo aliyekuwapo na lake likapotea, na methali ikageuka kuwa kifuniko cha dhuluma badala ya kuwa kanuni ya haki. Swali hili ni la zamani kama mgawo wenyewe. Katika zama hizi limezuka upya mahali pasipo karamu wala urithi, yaani ndani ya kompyuta, katika nukta chache za kwanza baada ya kuwashwa.

Kompyuta yenye prosesa zaidi ya moja haiamki yote kwa pamoja. Umeme unapoingia, prosesa moja huteuliwa kuwa kiongozi, na nyingine hubaki zimelala zikingoja kuitwa. Kiongozi huanza kazi kwa kufuata BIOS, programu iliyohifadhiwa na mtengenezaji katika chipu ya ubao mkuu. Kisha BIOS huikabidhi mashine kwa kerneli, ndiyo programu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, ambayo hugawa kazi, kumbukumbu na zamu. Mgawaji huyu hawezi kugawa kabla ya kuhesabu. Lakini kerneli haina macho ya kuutazama ubao na kuona chipu zilizopangwa juu yake. Hali yake ni ya mtu aliyezinduka usiku katika chumba kisicho taa, akatakiwa aseme papo hapo wamelala wangapi. Wahenga walisema kuwa usilolijua ni usiku wa giza, na hapa giza ni giza kweli. Kilichobaki kwa kerneli ni ushahidi wa wengine.

Ushahidi wa kwanza ni maandishi. Kampuni ya Intel ilitoa kanuni za mashine zenye prosesa nyingi, na toleo lake la 1.4 likatoka Mei 1997. Kanuni hizo ziliiagiza BIOS iache waraka katika kumbukumbu, na zikataja mahali patatu pa kuutafuta: kilobaiti ya kwanza ya eneo ambalo BIOS hujitengea kwa mambo yake, kilobaiti ya mwisho ya kumbukumbu ya msingi, na zile kilobaiti 64 za anwani ambamo BIOS yenyewe husomwa. Kerneli hupita mahali hapo ikitafuta alama ya herufi _MP_. Ikiipata, huwa imepata kipande cha baiti 16 ambacho huelekeza kwenye jedwali kamili. Katika jedwali kila prosesa ina baiti 20 zake: namba ya kuitwa, neno la kusema kama inafaa kutumiwa au haifai, na neno la kusema kama ndiyo kiongozi au siyo. Mwanzoni mwa jedwali upo muhuri. Baiti zote zijumlishwe, jumla igawanywe kwa 256, na baki lake liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, waraka umeharibika na hauna budi kukataliwa.

Hapo ndipo kosa la kwanza la fikira hutokea, na kosa hilo si la mashine peke yake. Muhuri ukiwa sawa, msomaji hudhani kuwa maneno nayo ni ya kweli. Walakini muhuri hauthibitishi zaidi ya kitu kimoja, kuwa waraka umefika kama ulivyoandikwa. Ikiwa aliyeandika alinakili jedwali la ubao mwingine akasahau kubadili namba, muhuri utakuwa sahihi na habari itakuwa ya uongo. Barua iliyofungwa kwa lakiri isiyovunjwa inaweza kuchukua kashfa tupu. Uaminifu wa tarishi na ukweli wa mwandishi ni mambo mawili, na mtu aliyehakikisha la kwanza hajapata ruhusa ya kudai la pili. Ziko mashine za miaka ya 1990 ambazo majedwali yake yalipita mtihani wa muhuri, na bado yalitaja prosesa zisizokuwapo au yakaacha zilizokuwapo.

Kosa la pili ni la msikilizaji. Mfano wake ni mashine yenye prosesa mbili ambayo chini ya kerneli mpya huonyesha moja tu. Mchunguzi husoma habari za kuwashwa kwake na kukuta neno moja la kukata tamaa: jedwali halikuonekana. Fikira ya upesi ni kumlaumu mwandishi wa BIOS. Lakini mchunguzi mwenye subira huuliza kwanza kama waraka haukuwapo, au ulikuwapo ukafutwa. Kilobaiti ya mwisho ya kumbukumbu ya msingi ni mahali panapopendeza kuwekwa vitu vingine. Kerneli isiyokuwa na hadhari huweza kuweka vyombo vyake pale pale penye waraka, kisha ikarudi kuutafuta, ikakuta vyombo vyake yenyewe, ikatangaza kuwa hapana shahidi. Ndiyo maana kerneli iliyotengenezwa kwa uangalifu hutafuta waraka mapema na kuihifadhi sehemu hiyo kabla ya kugawa kumbukumbu. Hakimu aliyemkanyaga shahidi mlangoni hana haki ya kusema kuwa shahidi hakufika. Kabla ya kuuliza wengine wamefanya nini, uchunguzi wa haki huanza na mkono wa mchunguzi mwenyewe.

Upo ugumu wa tatu, nao ni mzito zaidi kwa kuwa ndani yake hapana mwongo. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni nyingine, ACPI, zenye jedwali lao la prosesa. Kwa miaka mingi mashine nyingi zilibeba majedwali yote mawili. Mwaka 2002 zikaja prosesa za Intel zenye uwezo ulioitwa Hyper-Threading, ambapo chipu moja hufanya kazi kama prosesa mbili. Katika mashine hizo jedwali la zamani kwa desturi lilitaja chipu, na jedwali la ACPI likataja kila mkondo wa kazi ndani ya chipu. Mmoja alisema mbili, mwingine akasema nne. Mtu aliyezima ACPI ili kuepuka hitilafu nyingine alishangaa kuona nusu ya prosesa zimetoweka. Nani alikosea? Hapana aliyekosea. Mashahidi waliulizwa swali moja wakalifahamu kwa maana mbili, kama watu wawili walioulizwa idadi ya nyumba za kijiji, mmoja akahesabu mapaa na mwingine akahesabu jamaa. Tofauti ya namba siyo daima tofauti ya ukweli. Mara nyingine ni dalili kuwa muulizaji hakusema ni kitu gani anachohesabu, na kabla ya kumwita mtu mwongo yafaa kujua neno lake lina maana gani kwake.

Msomaji atasema kuwa liko jambo lipitalo maandishi yote: kuita. Waitwe kwa namba, na atakayeitika yupo. Kweli ndivyo ifanyikavyo. Kiongozi hutuma ishara ya kwanza iitwayo INIT, hungoja milisekunde 10, kisha hutuma ishara ya STARTUP yenye anwani ya mahali pa kuanzia kazi. Hungoja mikrosekunde 200, na inapohitajika hurudia. Prosesa iliyolala huamka, hufuata maagizo machache yaliyowekwa kwa ajili yake, na kuandika alama katika kumbukumbu kuwa imefika. Hayo ni maitikio, na maitikio ni ushahidi bora kuliko waraka, kwa sababu hutoka kwa mwenyewe.

Walakini ikiwa maitikio huthibitisha kuwapo, je, kimya huthibitisha kutokuwapo? Mashine za mwanzo za aina hii zilitumia chipu ya nje, 82489DX, kupeleka ishara baina ya prosesa. Chipu hiyo haijui ishara ya STARTUP. Prosesa za mashine hizo huamshwa kwa INIT peke yake, baada ya anwani ya kuanzia kuwekwa mahali maalumu ambapo BIOS itaisoma. Kerneli inayojua njia mpya tu huita, hungoja, haisikii kitu, na huandika kuwa prosesa haipo au imekufa. Nayo ipo, nzima, haina ila ila kwamba imeitwa kwa lugha isiyoijua. Kadhalika kwa wakati. Mwaka 2015 watengenezaji wa kerneli ya Linux waliondoa ngojeo la milisekunde 10 kwa prosesa za kisasa zisizolihitaji, ili mashine kubwa ziwake upesi. Lakini wakaliacha kwa prosesa za zamani. Uamuzi huo mdogo una hekima. Haraka ya vijana haikufanywa kipimo cha wazee. Mgonjwa anayechelewa kufika mlangoni hakosi kuwa nyumbani, na mgeni anayebisha hodi mara moja akaondoka hana ushahidi kuwa nyumba ni tupu.

Basi yawezekana kuuacha waraka kabisa, na kuita kila namba inayoweza kuwako? Fikira hiyo huvutia kwa kuwa inaonekana kumwondolea mtu haja ya kuamini. Lakini kuita nako kuna gharama na hatari. Kila namba isiyo na mwenyewe hungojwa bure. Tena waraka hautaji prosesa peke yake. Hueleza pia ni njia zipi zinazotumiwa na vifaa kupeleka ishara zao, na hayo hayawezi kujulikana kwa kuita majina. Na wito wenyewe unaweza kuangamiza. Baada ya kerneli kuanguka, kerneli nyingine ya akiba huweza kuanzishwa juu ya prosesa yoyote ili kuokoa habari za ajali. Kerneli hiyo ya akiba ikituma INIT kwa kiongozi wa asili, mashine yote huanza upya na habari zote hupotea. Kwa hiyo ni lazima ijue kiongozi ni nani kabla ya kuita.

Jambo hilo lilizaa kisa cha kufundisha mwaka 2024, nacho kinaonyesha kuwa tatizo si la mashine za zamani peke yake. Katika toleo la 6.9 la Linux sehemu inayohesabu prosesa iliandikwa upya. Kanuni za ACPI huiagiza BIOS imtaje kiongozi kwanza katika orodha, na kerneli ikautegemea mpango huo: ikiona kuwa prosesa inayoendesha kazi siyo ya kwanza katika orodha, ilihukumu kuwa imeanzishwa baada ya ajali, na ikamwacha yule wa kwanza bila kumwita. Ikatokea kompyuta moja mpya ya mkononi ambayo BIOS yake iliandika majina kwa mpango mwingine. Hapakuwa na ajali yoyote, lakini kerneli iliamini kuwa ipo, na prosesa moja nzima ikaachwa nje. Dawa iliyotumika haikuwa kuacha kuiamini orodha kabisa. Ilikuwa kuongeza swali moja kwa shahidi aliye karibu zaidi: ndani ya kila prosesa iko biti moja inayosema kama prosesa hiyo ndiyo iliyoteuliwa kuwa kiongozi wakati wa kuwashwa. Orodha ikisema hivi na biti ikisema vile, biti hupewa nafasi ya juu, kwa kuwa ipo karibu na jambo lenyewe.

Kutokana na hayo kanuni moja huanza kuonekana. Imani haiepukiki, lakini imani ina daraja. Aliyetenda huaminiwa kabla ya aliyeona, na aliyeona kabla ya aliyesimuliwa. Mwenye akili hamwamini kila mtu, wala hamkatai kila mtu. Humweka kila shahidi mahali pake, na hukumbuka amemweka wapi, ili siku hesabu itakapoharibika ajue pa kurudi.

Lakini daraja za ushahidi hazitoshi, maana hazisemi mtu afanye nini anapobaki na shaka. Hapo ndipo swali la elimu linapokuwa swali la haki. Mhesabu anaweza kukosea kwa njia mbili: kuhesabu asiyekuwapo, au kuacha kumhesabu aliyepo. Makosa haya hayalingani. Anapohesabiwa asiyekuwapo, kosa hupiga kelele. Mashine hungoja prosesa isiyoitika, husimama, au hutoa onyo, na mwenye mashine huja kulalamika siku ile ile. Anapoachwa aliyepo, hapana kelele. Mashine huwaka, hufanya kazi, hufungua maandishi na kuchora picha. Ila hufanya polepole zaidi kuliko uwezo wake. Mwenye mashine hatafuti hitilafu. Husema, "Imezeeka." Kosa la mhesabu limekuwa aibu ya mhesabiwa.

Afrika ya Mashariki, ambako kompyuta nyingi za shule na ofisi hufika baada ya kutumika kwanza mahali pengine, neno hilo la uzee si neno la mzaha. Mashine inayodhaniwa kuchoka hutupwa, na fedha hutafutwa za nyingine. Ikiwa uchovu wake ni kweli, hapana lawama. Ikiwa nusu ya nguvu zake zimelala kwa sababu hakuna aliyeziita kwa lugha yake, basi maskini amelipa deni la mwenye haraka. Na jambo hili halikomi kwa mashine. Katika kila orodha inayoandikwa na mwenye mamlaka, aliyeandikwa kwa makosa husahihishwa upesi, kwa maana humsumbua mwandishi; aliyeachwa kwa makosa huweza kukaa miaka, kwa maana sauti yake haifiki mahali orodha inapowekwa. Kwa hiyo mhesabu mwadilifu hatumii uangalifu sawa pande zote mbili. Huzidisha pale ambapo kosa lake halitalalamikiwa.

Upo mtego mwingine wa wachunguzi. Kerneli nyingi hukubali agizo la kuwasha mashine kwa prosesa moja tu. Katika Linux agizo hilo ni neno nosmp. Mashine iliyokuwa ikisimama kila mara huwaka vizuri likiandikwa, na mchunguzi hujiona ameshinda. Agizo hilo ni halali likitumika kama hatua ya uchunguzi, kwa sababu linaonyesha upande uliko ugonjwa. Likiachwa hapo na kuitwa dawa, huwa ni kumtuliza mgonjwa kwa kumfunga mdomo. Kuna tofauti kubwa baina ya kusema, "Mashine hii hutumia prosesa moja kwa sasa, kwa sababu ya pili haijaeleweka," na kusema, "Mashine hii ina prosesa moja." Kauli ya kwanza ni ungamo, na huacha mlango wazi kwa atakayekuja na maarifa zaidi. Kauli ya pili ni uongo uliovaa nguo za matengenezo.

Yaweza kujibiwa kuwa maisha ni mafupi, na kwamba mashine za miaka 30 hazistahili usiku wa mtu mwenye elimu. Jibu hili lina sehemu ya haki, wala halifai kudharauliwa. Kila mstari unaohifadhiwa kwa ajili ya chipu ya zamani ni mzigo kwa mtengenezaji, na mizigo ikizidi huzaa makosa mapya yatakayowaumiza wengi. Hapana wajibu wa kuhudumia kila kitu milele. Linux yenyewe iliacha kuhudumia prosesa ya 386 katika toleo la 3.8 la Februari 2013, nayo ilikuwa chipu iliyotoka mwaka 1985. Lakini jambo hilo lilifanywa mchana. Lilitangazwa, sababu zikatolewa, na mwenye 386 akajua asimame wapi. Kumwaga mtu kwa uwazi si sawa na kumkaribisha mezani kisha kumpimia nusu. Atangazaye kuwa mashine fulani inahudumiwa amefunga ahadi, na ahadi hiyo ina ndani yake wajibu wa kuhesabu sawasawa. Ukale wa mwenye haki haupunguzi haki. Hupunguza tu idadi ya watu watakaogundua kuwa imepunguzwa.

Kwa hiyo methali iliyotajwa mwanzo haina haja ya kukanushwa. Asiyekuwapo na lake halipo, na hapana mgawo utakaoweza kuendelea bila kanuni hiyo. Ila kanuni hiyo ni haki ya mgawaji baada ya kutimiza wajibu wake. Atimize kwanza kuutafuta waraka kabla ya kuukanyaga, kuupima muhuri bila kuufanya ukweli, kuuliza maana ya namba kabla ya kuhukumu namba, kuita kwa lugha ya anayeitwa, na kungoja kwa kadiri ya anayengojwa. Akiisha kufanya hayo, na kimya kikabaki kimya, aandike kuwa hakuitika. Asiandike kuwa hayupo. Baina ya maneno hayo mawili iko nafasi ndogo sana katika karatasi, lakini ndani ya nafasi hiyo hukaa haki ya kila aliyelala akingoja kuitwa.